Matope Hupimwa kwa Moyo

Usiku ule mvua ilinyesha kwenye milima ya Pokot, na Kainuk penyewe halikuanguka hata tone. Asubuhi laga, ule mto wa msimu, ilikuwa imejaa. Anayeijua sehemu hii hashangai. Kainuk iko chini ya milima, pale barabara kuu ya kutoka Kitale inapomaliza kuteremka Marich na kushika njia ya Lokichar na Lodwar, kwa hiyo maji ya juu hufika kabla ya wingu lake. Ilipotimu saa nne maji yalikuwa yamepungua na kuacha kile ambacho madereva wa malori wanakiogopa kuliko maji: tope la rangi ya chai ya maziwa, laini kama uji, lenye kina cha goti la mtoto.

Mama mmoja alikuwa akivusha punda wawili. Yeye alikuwa mbele, kamba mkononi, akala zake amezifunga kiunoni. Punda wa kwanza alipita. Wa pili, jike wa kijivu aliyebeba magunia mawili ya makaa, alifika katikati akasimama. Hakuanguka wala hakuteleza. Alisimama tu, masikio ameyalaza nyuma, mbavu zikienda kama mvukuto wa mhunzi. Alivutwa, akasukumwa na vijana wawili, hatimaye akatoka ng'ambo. Mama akanigeukia, maana kazi yangu anaijua.

“Daktari, huyu amechoka tu. Acha apumue kidogo, tuende.”

Nikaweka kiganja nyuma ya kiwiko chake cha kushoto, mahali moyo unapogonga ubavu, nikahesabu huku nikitazama saa. Mapigo 22 kwa sekunde 15, yaani 88 kwa dakika. Tukamtua mzigo, tukamsimamisha chini ya mgunga. Dakika kumi baadaye nikahesabu tena: 80. Punda mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 36 na 52. Kama angekuwa amechoka tu, kivuli cha dakika kumi kingemshusha hadi sitini au chini yake. Yeye alikuwa ameshuka mapigo manane peke yake, na mapigo manane hayo ndiyo yaliyonifanya nimwombe mama tusiondoke.

Duniani kuna watu waliokwisha kuitungia sheria hali hii. Ni wale wa mashindano ya farasi ya masafa marefu. Mchezo huo kwa sura yake ya sasa ulianza mwaka 1955, wakati Wendell Robie wa California na wenzake walipopanda farasi kutoka upande wa Ziwa Tahoe hadi mji wa Auburn, kiasi cha kilomita 160 za milimani, ndani ya siku moja. Masafa hayo yamebaki kuwa kipimo cha mchezo hadi leo. Kwa msomaji wa Turkana, chukua Kainuk hadi Lodwar kwa barabara na hutakuwa umekosea sana. Uarabuni, kuanzia Oman hadi Falme za Kiarabu, mchezo huo una wapenzi wengi na fedha nyingi.

Ajabu ya mchezo huo ni kwamba kufika si kushinda. Njia hukatwa vipande, na mwisho wa kila kipande kuna madaktari wa mifugo wanaongoja. Mpanda farasi hushuka, hutandua, humwagia mnyama maji, na ndani ya dakika chache zilizowekwa moyo wa farasi lazima uwe umeshuka hadi mapigo 64. Usiposhuka, safari ya mnyama huyo imekwisha, hata kama alikuwa wa kwanza, hata kama mwenyewe ni mwana wa mfalme. Punda wetu wa Kainuk angetolewa mashindanoni asubuhi ile. Lakini huku laga haina daktari anayengoja kila kivuko, wala hakuna anayepewa medali kwa makaa kufika sokoni.

Kwa nini matope yachoshe hivi? Tuanze na kwato. Punda wa kwetu ana uzito wa kilo 120 hadi 150 hivi, na uzito wote huo, pamoja na mzigo, hukanyaga ardhi kwa kwato nne nyembamba, kila moja kama mdomo wa kikombe. Kwenye mawe ya Marich kwato hiyo ni zawadi. Kwenye tope ni kigingi kinachopigiliwa. Ikizama hufukuza hewa yote chini yake, na inapotaka kutoka hakuna hewa ya kujaza nafasi inayoachwa, kwa hiyo tope huing'ang'ania. Ule mlio wa “chwap” tunaousikia ni hewa ikiingia kwa nguvu. Kabla ya mlio huo kazi imeshafanyika, na itafanyika tena hatua inayofuata, mara nne kwa kila mwendo wa miguu yote.

Wanasayansi waliowapima binadamu wakitembea kwenye mchanga laini waliona kwamba nguvu inayotumika huzidi maradufu ya ile ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Matope yana hesabu zake, kutegemea kina na unyevu, lakini msomaji yeyote aliyewahi kusukuma matatu iliyokwama hahitaji maabara kuniamini.

Kisha tazama mguu wenyewe. Chini ya goti la mbele la punda au farasi hakuna msuli wa maana. Kuna mfupa, kano na ngozi. Misuli iko juu, begani na pajani, nayo huuendesha mguu kwa kano ndefu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani kwa kamba. Misuli ikiwa na nguvu, kamba hukazwa na kulegezwa kwa wakati wake. Misuli ikichoka, kamba hunyakuliwa ghafla, na ikinyakuliwa huku kwato imenaswa, nyuzi zake hukatika. Ndiyo maana mnyama anaweza kuvuka vizuri leo na kuchechemea kesho, mwenyewe akaapa kwamba hakumwona akijikwaa popote. Kwa kweli hakujikwaa.

Hayo ya miguu nayaacha hapo, kwa sababu si miguu inayowaua wengi. Muuaji ni joto, na hili watu hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Matope ni maji, mvua ni baridi, joto limetoka wapi?

Limetoka ndani. Katika kila sehemu nne za nguvu ambazo msuli hutumia, karibu moja tu hugeuka kuwa mwendo. Tatu hugeuka kuwa joto. Kazi ikizidi maradufu, na joto huzidi vivyo hivyo. Farasi, kama binadamu, hujipoza kwa jasho. Anaweza kutoa lita 10 hadi 15 kwa saa moja siku ya kazi ngumu, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko letu. Lita moja ya jasho ikikaukia yote juu ya ngozi huondoka na joto la kuweza kuchemsha kama lita saba za maji. Lakini sharti likauke. Likidondoka chini, maji yamepotea, chumvi imepotea, na joto limebaki palepale.

Hewa kavu ya Turkana ya kila siku, ile inayokausha shuka kabla hujamaliza kuanika ya pili, hulikausha jasho mara moja. Mvua yenyewe inaponyesha pia si mbaya, hupoza. Saa ya hatari ni ile inayofuata, mvua imekatika, jua limerudi, ardhi inatoa mvuke, na hewa imeshiba maji kiasi kwamba haipokei tena. Saa hiyo ndiyo watu hutoka nyumbani na kusema, haya, mvua imeisha, twende.

Mwezi Septemba mwaka 2018 saa hiyo iliwakuta magwiji wa dunia. Mashindano makubwa ya farasi duniani yalifanyika Tryon, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, na siku ya mbio za masafa marefu ilikuwa tarehe 12, huku kimbunga Florence kikiwa njiani kuelekea pwani ya jimbo hilo. Mambo yaliharibika tangu alfajiri. Baadhi ya wapandaji walielekezwa njia isiyo yao, mbio zikasimamishwa, zikaanzishwa upya kwa umbali uliopunguzwa hadi kilomita 120. Mchana mvua kubwa ikanyesha. Ilipopita, joto na unyevu vikapanda pamoja, na madaktari waliokuwa vituoni wakaona kitu ambacho vitabu vyao vilikuwa vimekitaja siku zote: mioyo haishuki. Mbio zikavunjwa zikiwa bado zinaendelea. Kati ya farasi 95 waliofikishwa kwa madaktari, 53 walihitaji matibabu. Mmoja wao, dume aliyehasiwa wa miaka 20 kutoka Afrika Kusini, alipata ugonjwa mbaya wa figo na ikabidi amalizwe asiteseke. Jina lake lilikuwa Barack Obama. Nikiwasimulia wafugaji habari hii hucheka kwanza wakilisikia jina, halafu hunyamaza.

Figo huingiaje? Mwili uliopoteza maji hupeleka damu kidogo mahali pasipo pa dharura, na figo ni mojawapo. Wakati huohuo misuli iliyofanyishwa kazi kupita kiasi hupasuka ndani kwa ndani na kumwaga rangi yake kwenye damu. Figo zenye kiu hupewa taka nzito zaidi ya uwezo wake. Mkojo hugeuka rangi ya kahawa. Ukiuona mkojo huo kwa punda wako jioni ya siku ya matope, usingoje asubuhi.

Waandaaji wa Tryon walilaumiwa kwa mengi, na mengine walistahili. Hata hivyo walifanya jambo moja ambalo historia ya kwetu inaonyesha jinsi lilivyo gumu: walisimama. Miaka mia moja na miwili kabla yao, kwenye tope la Afrika Mashariki, kuna jenerali ambaye hakusimama.

Ilikuwa Aprili 1916, vita kuu ya kwanza, masika imeanza. Jenerali Van Deventer wa Afrika Kusini, chini ya amri ya Jan Smuts, aliondoka upande wa Arusha na kikosi cha wapanda farasi. Wakauteka mlima Lolkisale, kisha wakaendelea kusini wakati mvua zikifunga njia nyuma yao. Tarehe 19 mwezi huo waliingia Kondoa Irangi, zaidi ya kilomita 200 kutoka walikoanzia. Kwenye ramani ulikuwa ushindi mzuri sana. Ardhini, mamia ya farasi walikuwa wamelala njiani, askari wengi waliingia mjini kwa miguu, na magari ya chakula yalikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga kwa wiki nyingi. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, alipokuja kuwashambulia mwezi Mei aliwakuta wanyonge, wenye njaa, na wapanda farasi wasio na farasi.

Si tope peke yake lililowaua wale farasi, na hapa ndipo Kainuk inapoingia tena. Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa homa ya farasi ya Kiafrika. Hauambukizwi kwa kugusana. Huletwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, ambavyo hutaga mayai kwenye udongo uliolowa na kuchanganyika na samadi. Kwa maneno mengine, matope yaleyale yanayomchosha farasi mchana ndiyo yanayozaa usubi wa kumuuma usiku. Katika aina yake kali mapafu ya farasi hujaa maji, povu jeupe humtoka puani, na anazama akiwa amesimama nchi kavu. Wengi mno hawaponi. Punda milia hubeba virusi hivyo bila hata kukohoa, na punda wa kawaida huugua kwa nadra. Ongeza mbung'o na nagana yake, na utaelewa kwa nini kuanzia Kondoa hadi bonde la Turkwel hukuti desturi ya kale ya kupanda farasi, ilhali kwenye nyanda za juu za Ethiopia, kwenye baridi isiyopendwa na usubi, Waoromo wamekuwa wapanda farasi tangu zamani. Farasi unaowaona leo Ngong au Nanyuki wanaishi kwa chanjo.

Na mizigo ya Smuts ilikwendaje baada ya farasi, baghala na ng'ombe kufa kwa makumi ya maelfu? Ilikwenda vichwani pa watu. Wanaume walikusanywa, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na kwingineko, wakaitwa kikosi cha wapagazi. Waliokufa, kwa njaa na magonjwa zaidi ya risasi, nao walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi hicho mpaka sasa. Tunasema punda afe, mzigo ufike, na wanasiasa wetu huipenda kauli hiyo wakati wa kampeni. Mwaka 1916 punda alikufa na mzigo ukafika, lakini hakuna anayependa kutaja ulifikaje.

Turudi kwa punda, kwa sababu ndiye tuliye naye. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa dunia wametokana na ufugaji ulioanza mara moja tu, huku kwetu Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita. Ni mnyama wa nchi kavu kwa kila kiungo. Anaweza kupoteza maji hadi robo ya uzito wake na zaidi, akafika kisimani, akanywa na kuyarudisha yote kwa dakika chache. Farasi aliyepoteza nusu ya kiasi hicho yuko mahututi. Kinachomsumbua punda ni kinyume chake, yaani maji yakizidi nje. Manyoya yake hayana mafuta ya kumwaga mvua kama ya farasi. Yeye hulowa hadi kwenye ngozi, na akilala amelowa, mwili hutumia akiba yake kujipasha moto. Kwato yake nayo hunyonya unyevu. Ikikaa kwenye tope siku nyingi huwa laini kama kucha za mfua nguo, ukingo wake hufunguka, na kila kijiwe hupata mlango.

Na si vijiwe tu. Maji ya laga hubeba miiba ya mathenge kutoka kila kichaka kilicho ukingoni na kuizika kwenye tope, ncha juu. Mwiba wa mathenge hupenya tairi la pikipiki, sembuse kwato iliyolowa. Tundu lake ni dogo, hujifunga juu upesi, na ndani hubaki giza lisilo na hewa, mahali vijidudu vya udongoni vya pepopunda vinapopapenda kuliko pote. Lugha yetu iliupa ugonjwa huu jina la mnyama huyu, na sitashangaa kama aliyelitunga alikuwa amemwona punda aliyeupata: miguu minne imekakamaa kama ya meza, mkia umeinuka, taya zimefungwa, utando mweupe umevutwa nusu ya jicho, na ukipiga kofi karibu naye mwili wote unatetemeka. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaouchukua kwa urahisi kuliko wote. Chanjo ipo na ni ya kale. Bado nazika punda wa pepopunda karibu kila baada ya mvua.

Kuna na lile la ngozi. Mwaka 1915 daktari wa Kibelgiji alieleza kijidudu alichokikuta kwenye ngozi za ng'ombe wa Kongo, na hadi leo kinaitwa kwa jina la nchi hiyo, Dermatophilus congolensis. Kina mbegu zinazoogelea. Ngozi ikiwa kavu zimelala; ikilowa na kuchubuka kidogo tu, zinaamka na kuogelea hadi kwenye mchubuko. Kwa punda wa mizigo mchubuko haukosekani, kwa kuwa tope likikauka chini ya kamba ya tumbo huwa msasa. Baada ya siku mbili unaona manyoya yamesimama kwa vishungi kama brashi ya rangi, na kishungi kimoja kikitoka kinaacha jeraha bichi la mviringo. Wengi hulipaka oili chafu ya gari. Oili chafu haiui kitu hapo isipokuwa ngozi iliyobaki. Maji safi ya chumvi, kukausha, na siku chache bila kamba vinatosha kwa wengi wao.

Na ngamia je? Watu wakiona punda amekwama huuliza kwa nini tusitumie ngamia. Maralal, kule Samburu, wana mbio zao za ngamia za kimataifa tangu mwaka 1990, na mbio kubwa ya wenye uzoefu ni kilomita 42. Ngamia ana moyo wa safari, na joto la mwili wake linaweza kupanda na kushuka nyuzi sita kwa siku bila kumdhuru. Lakini wayo wake ni mto mpana, laini, usio na kwato wala ncha ya kuchimba. Kwenye mchanga unaelea. Kwenye utelezi wa udongo wa mfinyanzi unakwenda upande, mguu mwingine unakwenda upande wa pili, na mnyama wa kilo 400 anapasuka msamba. Misuli ya paja kwa ndani ikishachanika, ngamia huyo hasimami tena. Wachungaji wanalijua hili, na mvua ikianza huwapigisha magoti wanyama wao palepale walipo na kungoja. Kwa ufupi, punda huzama, ngamia huteleza, na farasi hufanya yote mawili.

Kwa hiyo nitakayoyasema yanamhusu punda, na ni ya mtu asiye na kifaa chochote isipokuwa saa ya simu.

Jifunze mapigo ya punda wako siku ambayo hana kazi. Kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto, au vidole viwili chini ya taya pale mshipa unaporuka. Hesabu sekunde 15, zidisha mara nne. Namba hiyo iweke kichwani kama unavyoweka umri wa mtoto wako. Siku ya matope, hesabu akitoka kwenye tope, mtue mzigo, hesabu tena dakika kumi baadaye. Akiwa chini ya 64 na bado anashuka, anaweza kuendelea polepole. Akiwa juu ya hapo, ngoja. Kama namba inakupa shaka, iko mbinu ya madaktari wa masafa marefu ninayoipenda sana. Hesabu mapigo, mkimbize kwa mwendo wa mchakamchaka mita 40 kwenda na 40 kurudi, na dakika moja tangu aanze kukimbia hesabu tena. Mnyama mwenye akiba hurudi kwenye namba yake au chini yake. Aliyeishiwa hupanda, hata kama kwa macho anaonekana mchangamfu. Macho hudanganywa na punda kuliko na mnyama mwingine yeyote ninayemjua, kwa sababu kuficha maumivu ndiyo kinga yake ya asili.

Mzigo ni jambo la ugomvi. Theluthi ya uzito wake, kilo 40 hadi 50, ndicho kiasi ninachokitetea kwenye barabara kavu. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80. Kwenye tope mimi husema nusu ya ule wa kawaida, na watu hunicheka. Najua kwa nini. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta punda wapatao milioni 1.8 nchini, ya mwaka 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Katikati ya miaka hiyo yalifunguliwa machinjio manne ya kuuza ngozi ng'ambo, moja likiwa huku Turkana, na wizi wa punda ukashamiri. Palipokuwa na punda watatu pakabaki mmoja, na mizigo haikupungua.

Kuhusu maji: mmwagie. Kuna imani iliyoenea kwamba maji baridi kwenye mwili wenye moto hukaza misuli au huua. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, waliohofia joto la mji ule kwa farasi walilichunguza sana, na ilibainika kwamba maji baridi mengi, yakimwagwa mfululizo shingoni, kifuani na mapajani, ndiyo tiba. Na anywe anavyotaka, kidogokidogo lakini mara nyingi, na konzi ya chumvi kando yake arambe akipenda.

Kisha kuna lile wapanda farasi wa masafa marefu hulifanya wakifika penye tope, ambalo akina mama wa Turkana hawakuhitaji kufundishwa: wanashuka. Wanatembea mbele, kamba imelegea, wanamwachia mnyama achague pa kukanyaga. Huku punda hapandwi. Nimeona mabingwa kwenye filamu wakipambana na hatamu kwenye tope la magoti, nikamkumbuka yule mama na akala zake kiunoni.

Saa sita na robo nilihesabu mara ya nne. Mapigo 13 kwa sekunde 15. Hamsini na mawili.

“Sasa ndiye yeye,” mama akasema, kabla sijamwambia namba.

Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu, kwani njia ya kwenda kwake si ya kupitwa wakati wa magharibi. Akamfunga jike gunia moja. La pili akalifungua, akalimimina nusu kwenye mfuko juu ya punda wa kwanza, ambaye tayari alikuwa na wake. Nusu iliyobaki akaifunga kwa kanga, akachuchumaa, akaomba mmoja wa vijana amsaidie kuinua, akajitwika. Kisha akashika kamba mbili kwa mkono mmoja, akatangulia.